Sekunde 10 za Dede

Mtoto kasimama dede katikati ya mkeka. Ana miezi 10 na siku kadhaa. Magoti yanamtetemeka, mikono kaiinua usawa wa masikio, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukindu. Bibi yake, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango, anampigia makofi ya polepole: "Dede! Dede! Dede!" Mtafiti kachuchumaa pembeni, simu mkononi, kipima-muda kinakimbia. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya tano mtoto akakaa kitako, pu, akamgeukia bibi yake na kucheka.

"Keshasimama huyo," mama mtu akasema. "Andika, dada. Tangu wiki iliyopita anasimama."

Dada hakuandika hivyo. Fomu aliyokuwa nayo inafuata vigezo vya Shirika la Afya Duniani vilivyochapishwa mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa vigezo hivyo, mtoto huhesabiwa kuwa anasimama peke yake akidumu sekunde zisizopungua 10, mgongo umenyooka, hajashika mtu wala kitu. Sekunde 5 za dede, mbele ya fomu ile, ni "hapana".

Siku hiyo nilikuwa mgeni wao, katika kijiji kimoja cha upande wa Pangani. Kilichonipeleka ni mswada. Kwa miaka kadhaa sasa, mbali na kuandika makala, nawasaidia watafiti vijana kunyoosha miswada yao kabla haijaenda kwenye majarida ya kitaalamu. Huyu dada alikuja kwangu akiwa na mswada uliokwisha kukataliwa. Mhariri hakuupeleka hata kwa wapitiaji. Aliurudisha siku ya sita kwa barua ya sentensi nne. Yeye aliamini kosa ni Kiingereza chake. Nikausoma mara mbili. Kiingereza kilikuwa safi. Kilichokosekana ni mtoto.

Hamkuwa na mkeka humo. Hamkuwa na bibi, wala makofi, wala neno dede. Palikuwa na sentensi moja tu, kwamba watoto walipimwa nyumbani na wasaidizi waliopewa mafunzo, kisha majedwali matatu ya takwimu. Mwandishi alikuwa amefagia nyumba yote ili makala yake ifanane na zile za Boston na Amsterdam alizozisoma chuoni, na katika kufagia akamtupa nje mtoto aliyekuja kumweleza. Ndiyo maana nikamwomba tupande basi turudi kijijini, nikaone kwa macho yangu alichokiacha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu eneo letu hili la dunia limeshalipa gharama ya miswada ya namna hiyo. Miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga wa Kampala akakuta wanawatangulia wa Ulaya katika kushika shingo, kukaa na kusimama. Mwaka 1957 yeye na mwenzake R. F. A. Dean wakachapisha matokeo kuhusu watoto waliozaliwa punde katika jarida la The Lancet. Habari ikaenea: mtoto wa Kiafrika anazaliwa akiwa mbele. Wako walioifurahia, wako walioigeuza kuwa hoja ya damu na rangi. Mwaka 1972 Neil Warren alipozikusanya tafiti za aina hiyo na kuzichambua katika Psychological Bulletin, alionyesha kwamba nyingi zilikuwa na mapengo upande wa njia za utafiti, kiasi kwamba hoja kubwa hivyo haikuweza kusimama juu yake. Miaka 15 ya ubishi, na sehemu kubwa ya ubishi huo ni mambo ambayo aya chache za maelezo ya kina zingeyajibu mapema.

Aliyezitoa aya hizo ni Charles Super. Yeye alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, na mwaka 1976 akachapisha makala ambayo mpaka leo nawapa vijana waisome kabla hawajagusa kalamu. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Lakini Super hakuishia kwenye hesabu ya miezi. Aliwauliza mama zao, akawatazama. Akakuta kukaa kunafundishwa: mtoto anachimbiwa kishimo kifupi ardhini, anawekwa humo, anazungushiwa blanketi la kumkinga, anaachwa azoee. Kutembea nako kunafundishwa. Na Wakipsigis wana maneno mahususi ya mafunzo hayo. Halafu, hapa ndipo palipo na akili ya mswada ule, akaonyesha kwamba katika mambo ambayo watoto hao hawakufundishwa wala kupewa nafasi ya kuyazoea, kama kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Basi damu ikatoka kwenye hoja, yakaingia malezi. Kishimo cha udongo kilifanya kazi ambayo jedwali peke yake lisingeiweza.

Nikamwambia dada: makofi ya bibi ndicho kishimo chako.

Watu wengi wanaoandika kuhusu watoto wachanga huanza mswada kwa kulalamikia pengo: Afrika haijafanyiwa utafiti wa kutosha. Ni kweli haijafanyiwa. Mark Nielsen na wenzake walipopekua majarida matatu makubwa ya saikolojia ya makuzi ya miaka 2006 hadi 2010, walikuta zaidi ya asilimia 90 ya washiriki wametoka nchi za Magharibi au zinazozungumza Kiingereza, na chini ya asilimia 3 wametoka Afrika, Asia, Mashariki ya Kati, na Amerika ya Kati na Kusini kwa pamoja. Hesabu hiyo, iliyochapishwa mwaka 2017, inaumiza. Ila mhariri ameshaisikia. Pengo peke yake halimwambii kwa nini aendelee kusoma ukurasa wa pili. Anataka kujua mtoto wa Pangani anatufundisha nini kuhusu binadamu yeyote anayejifunza kusimama, jambo ambalo mtoto wa kwingine, anayelelewa namna nyingine, asingetuonyesha kwa urahisi.

Mary Ainsworth alilijua hilo bila kuambiwa. Mwaka 1954 alifika Kampala kwa kumfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda zenye watoto wadogo, kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila safari, kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni mchana, saa ambazo wanawake wa Kiganda walikuwa wakipokea wageni. Humo aliona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anageuka kumtazama mama yake, anaendelea, anarudi. Kutokana na kwenda na kurudi huko ndipo likajengeka wazo kwamba mama ni ngome ambamo mtoto hutokea kuuendea ulimwengu. Alipofanya utafiti kama huo Baltimore, mambo hayakuonekana wazi hivyo nyumbani, kwa kuwa watoto wa kule walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka. Ikabidi atengeneze chumba maalumu cha majaribio ili aone alichokiona sebuleni Buganda. Saikolojia nzima ya uhusiano wa mama na mtoto ina mkeka wa Uganda chini yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi baada ya ziara zile, kwa hiyo mtafiti kijana asikate tamaa daftari likikaa mwaka mmoja kabatini.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo siwezi kulipita. Ainsworth hakukijua Kiganda kiasi cha kuzungumza na mama wale peke yake. Alikuwa na mkalimani na msaidizi, Katie Kibuka, aliyeingia naye katika nyumba zile. Jina lililo kwenye jalada ni moja. Ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile, na sitaki kumhukumu marehemu kwa vipimo vya leo. Lakini leo vipo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kazi au data zake, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuijibia kazi hiyo. Msaidizi wa kijijini aliyegundua kwamba swali la fomu halieleweki, akapendekeza jingine, ameshatimiza sharti la kwanza. Mpe basi nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Msomee rasimu kwa Kiswahili, muulize panapokosewa. Nimeona miswada ambayo mtu aliyefanya ziara zote nyumba kwa nyumba yumo kwenye shukrani, na mkuu wa idara ambaye hakukanyaga kijijini ni mwandishi wa pili. Huo ni wizi, hata kama hakuna anayeuita hivyo.

Tulirudi mjini na daftari limejaa. Tukaanza upya sehemu ya njia, na hapo tukakaa wiki tatu.

Nani alikuwepo chumbani? Mtoto alikuwa mapajani kwa nani kabla ya kipimo? Alikuwa ametoka kunyonya, au ana njaa? Ameamka muda gani? Sakafu ni mkeka, saruji, au mchanga wa uani? Mchana anabebwa mgongoni kwa mbeleko au analazwa? Tarehe ya kuzaliwa imetoka kwenye kadi ya kliniki au kwenye kumbukumbu ya shangazi? Kwa mtoto njiti umehesabu umri tangu siku aliyozaliwa, au umerekebisha kwa wiki alizowahi? Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati akipimwa kama waliotimiza siku zao ataonekana amechelewa, kumbe kalenda ndiyo iliyoharakishwa.

Kisha wale waliopotea. Huu ni uwanja ambao mtafiti wa watoto wachanga hana mwenzake. Mtu mzima akikubali kushiriki, atakaa mpaka mwisho hata kama anachoka. Mtoto wa miezi saba analala katikati ya kipimo. Analia. Anataka titi. Katika mswada wa kwanza walikuwepo watoto 41, basi. Daftari lilisema walianza 58. Nikamuuliza 17 wako wapi. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama, kwamba walilia. Sasa wamo kwenye mswada: wangapi walilia, wangapi walilala, wangapi walihama na mama zao msimu wa kilimo, na nani aliamua kwamba kilio hiki kinatosha kusimamisha kipimo. Kilio, kwa maoni yangu, ni namna pekee aliyonayo mtoto ya kuondoa ridhaa ambayo mama yake ameitia dole gumba. Kukiandika ni sehemu ya heshima.

Fani hii ina sababu nyingine ya kuwa makini na hesabu ndogo. Mwaka 1977 Andrew Meltzoff na Keith Moore walichapisha katika Science kwamba mtoto wa wiki chache humwiga mtu mzima anayemtolea ulimi. Ikaingia vitabuni. Mwaka 2016 Janine Oostenbroek na wenzake wakawafuatilia watoto 106 na hawakuona ushahidi wa kuiga huko. Mabishano hayajaisha, na nyoyo za wataalamu zimegawanyika. Ndipo maabara zikaanza kuunganisha nguvu: mradi wa ManyBabies uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima watoto 2,329 katika maabara 67, ili kuona kama wanapenda zaidi ile sauti ya kubembeleza tunayowasemesha. Maabara hizo zilikuwa Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia na Asia. Afrika haikuwemo, ukafuata baadaye mradi mahususi kwa ajili yake.

Turudi kwenye dede, kwa sababu hapo ndipo mswada ulipopinduka. Kiswahili kina neno dede kwa kusimama kule kwa kuyumbayumba, na kina tata kwa hatua za kwanza za kupepesuka. Mama wa Pangani haoni sababu ya kusubiri sekunde 10. Kwake dede ni hatua kamili yenye jina na yenye makofi yake. Fomu iliyotafsiriwa ilikuwa na safu moja tu, "anasimama mwenyewe", na majibu ya mama zao yalipishana na ya kipima-muda karibu kila nyumba. Mswada wa kwanza uliita hali hiyo makosa ya kumbukumbu za wazazi. Hayakuwa makosa. Walikuwa wanajibu swali jingine.

Kilifi, ng'ambo ya mpaka, wameshaonyesha namna ya kulishughulikia hili. Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa pwani ya Kenya na kukichapisha mwaka 2008, kikiwa na jina la Kilifi lenyewe. Na Katie Alcock na wenzake walipoandaa orodha za maneno ya kupima lugha ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, walilazimika kuacha mtindo wa kumpa mzazi karatasi ajaze, wakaifanya iwe mazungumzo, maana wazazi wengi hawakujua kusoma. Makala yao ya mwaka 2015 inalitaja jambo hilo kwenye kichwa chenyewe. Hawakulificha kama udhaifu.

Kichwa cha habari nacho kina siasa yake. Bobby Cheon na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2020, walichunguza vichwa vya makala za saikolojia na kukuta kwamba zinazohusu watu wa Marekani hutaja nchi mara chache kuliko zinazohusu watu wa kwingine. Mtoto wa Chicago anaitwa "mtoto". Wa Pangani anaitwa "mtoto wa kijijini Tanzania". Dada aliuliza kama afute jina la Tanzania ili naye aandike kwa jumla. Nilimkatalia. Afadhali wote wataje.

Kutuma kwenyewe ni kazi ya usiku mmoja, lakini usiku mrefu. Tanzania, utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili, na mswada nao huombewa kibali NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kabla ya kuchapishwa. Asiyelijua hilo hukwama mlangoni. Jarida tulilochagua, Infant Behavior and Development, lipo tangu 1978, na shirika linalolichapisha hutaka hoja kuu tatu hadi tano, kila moja isizidi herufi 85 pamoja na nafasi. Jaribu kulieleza jambo la miaka miwili kwa herufi 85. Tulifuta, tukaandika, tukafuta. Ukurasa wenye majina na chuo unakaa faili lake, mswada unakwenda bila majina. Barua kwa mhariri iwe fupi, iseme umegundua nini na kwa nini wasomaji wake wajali. Video haiwekwi hadharani kwa sababu eti data ziwe wazi; sura ya mtoto haikuombwa kwa matumizi hayo, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja. Jarida ni moja kwa wakati mmoja. Na anayekuandikia barua pepe akikusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku 5 kwa dola mia kadhaa, mfute. Kwa ada halali za majarida yaliyo wazi, uliza kwanza kama nchi yako imo kwenye mpango wa Research4Life. Wachapishaji wengi hutumia orodha yake kusamehe au kupunguza malipo.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Wapitiaji wawili, kurasa saba. Wa kwanza alitaka kujua kama makofi ya bibi hayakuharibu kipimo. Dada alinipigia simu sauti imemkauka, akidhani ndiyo basi. Nikamwambia asome tena: mtu huyo ameuliza kuhusu bibi, maana yake amemwona. Tukajibu hoja kwa hoja, swali upande mmoja, jibu upande wa pili, na ukurasa ambao badiliko limefanyika. Kuhusu makofi tulirudi kwenye video. Watu wawili, kila mmoja peke yake, walihesabu upya sekunde za dede palipokuwa na makofi na pasipokuwa nayo, tukaandika walikubaliana kwa kiasi gani. Pale ambapo mpitiaji alikuwa na haki tulikubali bila kujitetea. Pale alipotaka watoto wapimwe katika chumba kitupu, tulieleza kwa adabu kwamba katika kijiji kile mtoto wa miezi 10 hakai katika chumba kitupu.

Wiki mbili zilizopita jarida lilikubali. Dada aliniambia mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yule mama wa Pangani.

"Sasa mwanangu mmemwandika vipi," mama akauliza, "kasimama au hajasimama?"

Akamweleza kwamba safu ni mbili sasa, moja ya sekunde 10 na moja ya dede, na mtoto wake yumo katika ya pili. Mama akaguna, akaridhika. Akasema samahani, ailaze simu chini kidogo, maana huyo aliyeandikwa ameshatoka nje ya ua anaelekea ufukweni, na siku hizi hakamatiki.